Kutoka nanga hadi "Salome": wimbo wa Kihaya ukirudiwa, nini kinabaki?

Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa "Salome". Wimbo ukapigwa kila kona, kwenye harusi, baa na daladala. Vijana wengi waliujua kama ngoma mpya ya WCB. Lakini kwa mtu wa Bukoba au Muleba aliyekuwa na redio mwaka 2001, haukuhitaji maelezo. Ni Saida Karoli huyo.

Kurudia wimbo wa mtu, au kava kama vijana wanavyosema, si jambo geni. Swali ni hili: wimbo ukihama mdomo, nini kinabaki kwa mwenyewe?

Saida na "Maria Salome"

Saida Karoli ni mzaliwa wa Bukoba vijijini, mkoani Kagera. Albamu yake ya "Maria Salome" ilitoka 2001, na wengi waliizoea kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Ilikuwa na ngoma za asili, kuitikiana na Kihaya kingi, na bado ikapendwa na Watanzania ambao Kihaya hawakijui hata neno. Hilo lenyewe lilikuwa jambo, kwa sababu miaka ile redio zilikuwa zimejaa dansi, taarab na bongo fleva iliyokuwa inachipukia.

Baadaye Saida alikaa kimya kwa muda. "Salome" ya 2016 ikalirudisha jina lake midomoni, na mwaka 2017 naye akatoa "Orugambo". Kwa hiyo kava inaweza kumfufua mwenye wimbo, au inaweza kumfunika kabisa. Inategemea kama jina lake limetajwa.

Kabla ya Saida kulikuwa na nanga

Nanga ya Wahaya ni kipande cha mti kilichochongwa kama hori, juu yake ukapitishwa uzi kwenda na kurudi hadi zikapatikana nyuzi kadhaa, mara nyingi saba. Mpigaji anaiweka mapajani, anapiga huku anaimba. Rwanda na Burundi wana ndugu yake, inanga. Kwa Waganda jina ni lile lile, ennanga, lakini chombo ni kingine: kina shingo iliyopinda kama upinde.

Waimbaji wa nanga walisimulia habari za Bakama, mashujaa, vita na mapenzi. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu yao mwaka 1983, akiuliza kama tungo zao ni tendi. Ni swali zito, maana kuna wasomi wa nje waliodai kwamba Afrika haina tendi.

Utemi ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Majumba ya Bakama wa Kiziba, Ihangiro na kwingineko yakabaki bila nguvu ya kulea waimbaji. Nanga ikabaki kwenye sherehe na vilabu vya rubisi, na kadiri redio na spika zilivyoingia, ikazidi kurudi nyuma.

Bluzi inaingiaje hapa?

Tusidanganyane: bluzi haikutoka kwenye nanga. Ilizaliwa kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na mizizi yake ya Kiafrika hutafutwa zaidi Afrika Magharibi. Lakini zinafanana kwa hali: mtu mmoja, nyuzi zake, sauti yake, na masimulizi ya maisha. Ubeti wa kawaida wa bluzi una baa 12. Mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, halafu wa tatu unakuja kujibu.

Bluzi inatufundisha mambo mawili.

La kwanza ni kava. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, mwaka 1936 na 1937, kisha akafariki 1938. Miongoni mwake ni "Cross Road Blues". Miaka 30 baadaye, mwaka 1968, bendi ya Cream ya Uingereza iliupiga jukwaani San Francisco kwa magitaa ya umeme, rekodi hiyo ikaingia kwenye albamu ya "Wheels of Fire". Wimbo ulibadilika sana, lakini jina la Johnson liliandikwa. Aliyetaka kujua ulikotoka aliweza kufuata jina.

La pili ni rekodi ya laivu. B.B. King alirekodi "Live at the Regal" Chicago, Novemba 1964. Unasikia watu wakipiga kelele, naye anawajibu kwa gitaa. Watu wale ni sehemu ya muziki. Na nanga ni hivyo hivyo: mwimbaji hurefusha, hufupisha au hubadilisha kulingana na waliokaa mbele yake. Ukimfungia studio peke yake, nusu ya wimbo imebaki nje.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. COSOTA ndiyo yenye kusimamia. Ukitaka kurudia wimbo wa mtu kibiashara, unahitaji ruhusa ya mwenye haki. Angalia hapo: mwenye haki si lazima awe mwimbaji, anaweza kuwa aliyenunua haki au aliyegharamia kurekodi. Ndiyo maana msanii asisaini karatasi ambayo hajaisoma.

Sheria hiyo inatambua pia sanaa za jadi. Wimbo wa ukoo kukosa mtunzi anayejulikana hakumaanishi ni wa kuokota.

Una mzee anayepiga nanga? Fanya hivi

- Muombe ruhusa kwanza, mueleze rekodi itaenda wapi.
- Mrekodi mbele ya watu, wakiitikia.
- Mwanzoni taja jina lake, kijiji na tarehe.
- Muulize alijifunza kwa nani, na maneno magumu yana maana gani.
- Tunza faili halisi sehemu mbili. Ikipita WhatsApp mara nyingine sauti inabanwa na kupungua ubora.
- Ukiurudia wimbo, mtaje.

Simu uliyoshika sasa hivi inatosha kwa kazi hiyo. "Maria Salome" ilirudiwa kwa sababu ilikuwa imerekodiwa. Wimbo wa mzee wa Nyanga ambao haukurekodiwa hautapata kava, wala hautadaiwa hakimiliki. Siku akizikwa, umeondoka naye.