Frere Town tuiite jina la nani?

Kila siku matatu zapita Kengeleni zikienda Kisauni na Bamburi, lakini muulize mtu huyo Frere wa Frere Town ni nani. Kimya.

Haya. Sir Bartle Frere alikuwa gavana wa Bombay. 1872 Uingereza ikamtuma Zanzibar kumbana Sultan Barghash akubali kufunga soko la watumwa. Pongezi zake. Lakini hapa hakuishi. 1875 wamishenari wa CMS walipoweka makazi ya mateka waliookolewa baharini, wakayapa jina lake, basi. Na 1879, akiwa Afrika Kusini, ni huyohuyo aliyewasukuma Wazulu vitani. Mkombozi eti!

Sasa sikizeni ya William Jones. Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akapelekwa India akasomea Nasik. 1864 akatumwa Rabai, miaka kumi na moja kabla ya Frere Town kuwako. Yeye na wenzake kina George David na Ishmael Semler ndio walowezi wa kwanza wa maana, kwa maoni yangu. Mateka walipoanza kuletwa, watu hawa waliosoma India ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wao.

1885 Jones akafanywa shemasi, na mwaka huohuo akaenda safari ya Uganda na Askofu Hannington. Askofu akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara Rabai, Februari 1886. Mguu, wadau, si SGR.

Ila mimi lililonishika ni la watoro. Watumwa walikuwa wakitoroka mashambani na kukimbilia misheni. Amri ilikuwa wasipokelewe, maana mabwana zao walitishia kuja na silaha. Rabai chini ya Jones, mamia wakakaa, wakajenga, wakalima. Hakuwa mbunge. Baraza la kutunga sheria lenyewe lilianza 1907, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, akaingia 1944. Jones hakungoja kiti.

Mambo yakafika pabaya 1888, ikabidi kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani itoe pesa. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru Rabai. Na pesa? Walilipwa mabwana. Waliolimishwa bure miaka yote walipata karatasi tu.