Kijiwe chetu kilianzaje?

Leo vitabu vimenishinda, nikaishia kuchimba historia ya sisi wanablogu.

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, alianzisha Jikomboe, inayotajwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Akawapigia debe wenzake nao wafungue zao. Mwaka 2005 akaingia mpigapicha Issa Michuzi, Wabongo wa ughaibuni wakapata pa kuonea nyumbani.

Kijiwe kilikuaje? Unaacha maoni kwa mwenzio, naye anakuja kwako, mnawekeana viungo pembeni, wasomaji wanazunguka. Basi!

Msidhani ni porojo tu. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake nani anaweza kutengeneza ramani ya matukio. Wanablogu wenzake wakaitikia, ikazaliwa Ushahidi.

Lakini kijiwe huvunjika pia. Kanuni za 2018 Tanzania zilidai leseni, gharama zikapita shilingi milioni 2. Jamani, bumu lipi lingetosha? Baadhi wakafunga.

Haya, narudi kwenye notsi. Ukipita hapa usinyamaze, acha neno.