Chama Kinachotawala na Sauti ya Raia

Yawapasa wazee na wanachama wa ushirika huu wakumbuke ya kuwa chama kinachotawala hugeuza mwendo wa raia wanaodai haki kwa njia mbili: kwa ukali, na kwa urafiki.

Katika mwaka 1982 Katiba ya Kenya iligeuzwa, KANU ikawa chama cha pekee kwa sheria. Mwaka 1987 ushirika mkubwa wa akina mama, Maendeleo ya Wanawake, uliunganishwa na KANU. Basi mwaka 1989, jumba la ghorofa 60 lilipokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park mjini Nairobi, viongozi wake walisimama upande wa chama. Aliyepinga ni Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement, kikundi cha kupanda miti kilichoanzishwa mwaka 1977. Alidharauliwa Bungeni, na kikundi chake kikatolewa katika nyumba ya Serikali. Lakini kilikuwa na vitalu vyake na akina mama wake vijijini, kwa hiyo hakikufa. Na jumba lile halikujengwa.

Mwezi Desemba 1991 vyama vingi viliruhusiwa tena. Tarehe 28 Februari 1992 mama za wafungwa wa siasa walikaa Uhuru Park, wakakataa kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakaendelea kudai, hata wengi wa wana wao wakafunguliwa. Ukali haukuwanyamazisha.

Mwezi Desemba 2002 KANU ilishindwa na NARC. Baadhi ya waliotetea raia waliingia Bungeni na Serikalini. Profesa Maathai alikuwa Mbunge wa Tetu, na mwaka 2003 Waziri Msaidizi. Hatuwalaumu, maana ndiko walikotumwa na wapigaji kura. Lakini vikundi walivyoviacha vilipungukiwa na viongozi, tena ni vigumu kumshitaki rafiki aliye kitini.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila mwanachama yu huru kujiunga na chama cha siasa akipendacho. Lakini sanduku la fedha, daftari la majina na kiti cha mwenyekiti visiwe chini ya chama chochote, hasa kile tukipendacho. Siku tutakapokuwa na neno juu ya shamba, kisima au shule, itatubidi tuweze kulisema wenyewe. Haya twayaweka mbele ya mkutano.