UZI: Hadithi ilitoka lini darasani?

Wadau, msimu wa siasa ukifika, mjadala wa elimu ya msingi huwa ni ule ule. Huyu anaahidi madarasa, yule tableti, wa tatu anaapa kurudisha mtaala wa zamani. Sisi huku mitandaoni tunarushiana maneno hadi usiku wa manane. Lakini kuna swali dogo sijawahi kusikia likiulizwa kwenye jukwaa: mtoto wa gredi ya kwanza, akishaketi darasani asubuhi, ni nani anamsomea hadithi?

Sitataja mtu wala chama. Nataka tu turudi nyuma kidogo tuone hiyo hadithi ilipotelea wapi, kwa sababu bila hiyo historia tutaendelea kubishana kuhusu bei ya vitabu peke yake.

Kwanza tuelewane. Sisemi kuhusu darasa zima kuimba "baba ana shamba" nyuma ya mwalimu. Hiyo wengi wetu tuliipitia. Nusu ya darasa haikuwa hata inaangalia ukurasa, na mtoto angeweza kuimba somo lote kitabu kikiwa juu chini. Ninachosema ni hivi: mwalimu anawakusanya watoto karibu, anawaonyesha picha ya jalada, anauliza wanadhani kutatokea nini. Anasoma huku kidole kikipita chini ya maneno. Kabla ya kufungua ukurasa anasimama: "Haya, fisi atafanya nini sasa?" Wanabishana. Kwenye maneno yanayojirudia wanasoma naye. Kesho kitabu ni kile kile, lakini leo watoto ndio wanaongoza. Keshokutwa wanaigiza, au kila mmoja anaandika mstari wake.

Mtu atasema hiyo ni mbinu ya kizungu. Kwani "Paukwa!" ni ya nani? Na "Pakawa!" inajibiwa na nani kama si wasikilizaji? Hadithi zetu hazikuwahi kuwa za mtu mmoja kuongea na wengine kunyamaza. Tofauti iliyopo ni kwamba hapa kuna maandishi katikati, na watoto wote wanayaona.

Sasa historia. Mwaka wa 1957 kilifunguliwa kituo maalum Nairobi kujaribu njia mpya ya kufundisha madarasa ya chini. Kilianza na watoto wa Kiasia, na lugha ilikuwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mpango huo ukaitwa New Primary Approach, na miaka ya mwanzo ya sitini ukaingia shule za Waafrika. Tunaukumbuka kwa ajili ya Kiingereza tu, na ni kweli Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine ambacho watu husahau: watoto waliketi kwa makundi, kulikuwa na picha, vitabu na shughuli za mikono, na walimu walitembelewa na wasimamizi mara kwa mara.

Ulipopanuliwa nchi nzima, gamba lilibaki na kiini kikatoka. Kiingereza kikabaki. Makundi, vifaa na usimamizi vikapotea, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa na gharama. Mwalimu ambaye Kiingereza chenyewe kilikuwa kinamsumbua alijikuta mbele ya ubao na chaki. Angefanya nini? Aliwaimbisha.

Halafu ikaja 1974. Karo ilifutwa kwa madarasa ya kwanza hadi ya nne, na wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka wa 1973 hadi karibu milioni 2.8. Watu milioni moja kwa mwaka mmoja, jameni! Ilikuwa hatua nzuri, na sitamsikiliza anayesema watoto wale wangebaki nyumbani. Lakini madarasa yalifurika, na maelfu ya watu ambao hawakuwa wamesomea ualimu wakaajiriwa ili kuziba pengo. Kisha shule zikaanza kutoza ada za majengo, na watoto wengi waliokuwa wameingia wakatoka tena.

Mwaka wa 1976 kamati ya kitaifa ikapendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Taasisi ya mitaala ikatoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa lugha mbalimbali. Wazo zuri, ila wazazi wengi waliona Kiingereza ndicho mlango wa kazi, na walimu walijua mtihani wa mwisho hautaulizwa kwa Kikamba wala Kidholuo. Vitabu vile vilipauka kwenye rafu. Hadi leo tukibishana kuhusu lugha ya kufundishia, tunarudia kesi ya 1976 kana kwamba imewasilishwa jana.

Wakati huo huo, mbali na hapa, watu wengine walikuwa na shida kama yetu. Kule New Zealand, mwalimu na mtafiti Don Holdaway alijiuliza kwa nini watoto wanaosomewa hadithi na wazazi kabla ya kulala hujifunza kusoma kwa urahisi. Akaona hilo linawezekana hata darasani, mradi kitabu kiwe kikubwa cha kuonekana na wote. Njia hiyo ilipelekwa Fiji, kwenye shule za vijijini ambako Kiingereza ni lugha ya pili kama hapa kwetu. Watafiti Elley na Mangubhai waliwapa watoto wa darasa la nne na la tano vitabu 250 vya hadithi kwa kila shule. Baadhi walisoma kimyakimya, wengine walisoma pamoja na mwalimu. Baada ya takriban miezi minane, makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua ya kusoma na kuelewa kwa kasi kama mara mbili ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 1983.

Na sisi 1983 tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunajiandaa kwa 8-4-4. Mwaka wa 1985 mfumo ukaanza pamoja na KCPE, na mtihani ndio uliopanga siku ya mwalimu. Hakuna swali la KCPE lililowahi kuuliza kama mtoto anaweza kumsomea mwenzake hadithi, kwa hivyo hakuna mwalimu aliyelaumiwa kwa kutosoma hadithi. Shule niliyosomea ilikuwa na kabati la vitabu vya hadithi, vizuri kabisa, na ufunguo ulikaa ofisini. Tuliambiwa tutavirarua. Nilimaliza darasa la nane sijavishika.

2003 ilikuwa 1974 iliyorudi. Elimu ya msingi bila malipo, wanafunzi kutoka milioni 5.9 hadi 7.2. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea. Kitu cha kwanza shule ilinunua ni vitabu vya kiada, na ungekuwa mwalimu mkuu ungefanya vivyo hivyo. Hadithi ikasubiri tena.

Kisha ukweli ukaanza kutoka. Mwaka wa 2007, huko Malindi, watoto wa darasa la pili waliketishwa mmoja mmoja na kuombwa wasome kwa dakika moja. Ukimtoa mtoto kwenye kwaya na kumweka peke yake na ukurasa, unajua mara moja kama anasoma. Wengi walikuwa wakivuta maneno polepole mno hata wasielewe walichosoma, na hata Kiswahili hakikuwaokoa. Kuanzia 2009, Uwezo ikawa inakwenda majumbani na kupima hivyo hivyo. Hata darasa la nane walipatikana watoto walioshindwa na kazi ya darasa la pili.

Jibu kubwa likawa Tusome, 2015. Nitasema wazi: wengi mnaoidharau hamjawahi kuingia darasani ikiendelea. Kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu akapata mwongozo wa kila somo, na afisa wa mtaala akaja na tableti kuona kama somo linafundishwa kweli. Mwalimu anasoma kwanza, kisha wote pamoja, kisha mtoto mwenyewe. Idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana. Angalieni kilichofanya kazi hapo. Tableti ya afisa ilisaidia zaidi kuliko zile za watoto zilizotuchosha masikio tangu ahadi za laptopu za 2013, kwa sababu ilimleta mtu nyuma ya darasa, akasikiliza, akarudi tena mwezi uliofuata.

Lawama yangu kwa Tusome ni moja. Somo lililoandikwa neno kwa neno humwacha mwalimu na muda mdogo wa kusimama na kuuliza fisi atafanya nini.

"Sasa mwalimu ako na watoto 80, hayo makundi atayatoa wapi?" Swali halali. Lakini hesabu hii inaenda kinyume na vile tunavyodhani. Kusoma pamoja ni njia ya watu wasio na vitabu vya kutosha: kitabu kimoja kinatumikia watoto ishirini, huku wengine wakirudia hadithi ya jana wawili wawili. Kinachokosekana ni nafasi kwenye ratiba, na mtu wa kumwonyesha mwalimu jinsi ya kuanza.

Na hapa ndipo mijadala huchanganya watu. Tangu Katiba ya 2010, chekechea iko chini ya kaunti, lakini kuanzia gredi ya kwanza mtoto yuko chini ya serikali kuu. Kwa hivyo gavana akikuahidi kuhusu gredi ya pili, anaahidi kitu kisicho kwenye bajeti yake. Yeye muulize chekechea: kila darasa lina vitabu vingapi vya hadithi, na nani ana ufunguo wa kabati. Mbunge muulize maafisa wa mtaala: eneo lenu lina wangapi, wana mafuta ya pikipiki, na mara ya mwisho mmoja wao aliketi nyuma ya darasa la gredi ya kwanza ilikuwa lini.