Utando

Ukungu ukitanda Magamba, mtu wa Lushoto hahitaji kamusi kulielewa neno utando; limetoka katika kitenzi hichohicho, kutanda. Maziwa yaliyochemshwa yakipoa hufanya utando. Buibui naye hutega kwa utando.

Sasa neno hili lina kazi maabarani. Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kwamba mwanga ukiangukia titani dioksidi iliyo ndani ya maji, maji huachana: haidrojeni huku, oksijeni kule. Silikoni hunasa jua vizuri kuliko hiyo, ila upande unaotoa oksijeni huliwa upesi. Mwaka 2014 watafiti wa Caltech, Marekani, waliivika silikoni utando wa titani dioksidi, mwembamba mara mamia kuliko unywele. Mwanga unapenya, umeme unapita, maji hayaigusi silikoni.

Wapo wanaotaka kuuita koti. Siafiki, koti huvaliwa na kuvuliwa, utando huu umeganda palepale. Na titani dioksidi si mgeni: ndiyo weupe wa rangi za ukutani, na mchanga wenye madini yake ulichimbwa Kwale, Kenya, hapo tu ng'ambo ya mpaka, hadi mwishoni mwa 2024.