Dakota kwenye laptopu, na swali la mzee kuhusu udongo

Mara ya kwanza kurusha DC-3 sikufika hata angani. Nilikuwa natumia Flight Simulator 2004, programu ya zamani ambayo laptopu yangu ya mtumba bado inaibeba, na nilikuwa nimezima ule msaada unaokukanyagia pedali. Kiwanja kilikuwa Mwanza. Nikasukuma injini zote mbili mpaka mwisho. Ndege ikakata kushoto, ikazunguka, ikabaki inatazama ilikotoka.

Kisa chenyewe ni fizikia tu. DC-3, ambayo wengi waliiita Dakota, ina magurudumu mawili makubwa mbele na kagurudumu kadogo mkiani, na uzito wake mwingi uko nyuma ya yale makubwa. Shika baiskeli kwenye tandiko uisukume kinyumenyume: usukani unageuka wenyewe. Ndiyo hiyo. Ongeza na hili: panga za injini zote mbili huzunguka upande mmoja, kwa hiyo pua inavutwa kushoto, na kadiri mkia unavyonyanyuka ndivyo inavyovutwa zaidi. Rubani hukanyaga pedali ya kulia, anaachia kidogo, anakanyaga tena. Ni kazi ya miguu.

Kwa nini nahangaika na haya? Nilikuwa naandika sura ya tasnifu kuhusu usafiri wa kanda yetu. Shirika la East African Airways lilianza Januari 1, 1946 na ndege sita za Dragon Rapide, na miaka ya 1950 likawa na DC-3. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba ndege "ilifuta umbali" wa Usukumani. Vitabu huhesabu viti na miaka, havihesabu miguu ya rubani.

Halafu kuna joto. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa yetu inakuwa nyepesi kama ya mita 2,000 hivi. Kasi kwenye saa ya rubani ni ileile, lakini ardhini unakimbia karibu asilimia 10 zaidi kabla ya kunyanyuka, huku injini zikipumua kwa shida. Nilijaribu saa moja asubuhi, kisha saa nane mchana. Tofauti utaiona mwenyewe, njia inakwisha mapema!

Nikampelekea laptopu mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Akatazama ndege ikikimbia, akacheka.

"Mjukuu wangu, hapo ni luseni au mbuga?"

Luseni ni kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama. Mbuga ni ule udongo mweusi; kiangazi unapasuka, masika unanata mpaka unang'oa kandambili. Sikuwa na jibu. Programu inajua lami, nyasi, udongo na kadhalika. Na ndege tupu ya DC-3 ina tani saba na ushee.

Ile "ilifuta umbali" nimeifuta. Sasa natafuta rekodi za mvua za miaka ya 1950, mwezi kwa mwezi, nizilinganishe na ratiba za safari. Mzee naye anataka ajaribu kutua. Nimemwambia tuanze asubuhi.