Kampuni ya intaneti ikibadilika, barua pepe zako huenda wapi?

MKAZI wa Tulia, Kaunti ya Kitui, akichoshwa na kampuni moja ya simu za mkononi anaweza kuhamia nyingine bila kupoteza nambari yake. Utaratibu huo ulianza nchini mnamo Aprili 2011, na tangu hapo mteja ameweza kuondoka na nambari aliyoizoea kama mtu ahamaye nyumba na kitanda chake. Barua pepe haina utaratibu wa aina hiyo. Anwani ambayo baada ya alama ya @ ina jina la kampuni ni mali ya kampuni hiyo, na mteja ni mpangaji tu. Siku kampuni itakapouzwa, au kubadilisha jina, au kuamua kwamba biashara ya barua haina faida, mpangaji hupewa notisi. Wakati mwingine hapewi.

Kwamba majina hubadilika si jambo la kubuni. Kampuni iliyoanza kuuza huduma za simu mwaka wa 2000 kwa jina la Kencell ikawa Celtel mwaka wa 2004, ikawa Zain 2008, na kuanzia 2010 ikaitwa Airtel. Telkom Kenya, iliyozaliwa mwaka wa 1999 lilipogawanywa lililokuwa Shirika la Posta na Simu, ilivaa jina la Orange mwaka wa 2008 kisha ikalirejelea jina lake la kwanza mwaka wa 2017. Africa Online, iliyokuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuuza intaneti humu nchini katika miaka ya tisini, ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka wa 2007, nayo AccessKenya ikanunuliwa na Dimension Data mwaka wa 2013.

Hii haina maana kwamba kila mara bango lilipopakwa rangi mpya wateja walipoteza barua zao. Kwa kawaida anwani za zamani huachwa zifanye kazi kwa muda. Ila maneno hayo "kwa muda" yafaa kuangaliwa kwa makini. Nchini Marekani, kampuni ya Verizon iliachana na huduma ya barua pepe mwaka wa 2017 na kuwaambia wateja wachague: ama wahamishie masanduku yao kwa AOL, ama watafute pengine.

Wasomaji wa umri fulani wataikumbuka hali ilivyokuwa wakati intaneti ilipopitia waya wa simu ya mezani. Anwani ilikuja pamoja na usajili, kama kikombe cha bure ndani ya pakiti ya sabuni. Programu kama Eudora au Outlook Express ilipiga simu, ikachota barua zote, kisha mtu akakata laini haraka ili dakika zisimle. Barua ikishachotwa ilifutwa kwenye seva ya kampuni na kubaki katika tarakilishi moja tu. Ndiyo sababu katika ofisi nyingi, Kitui na Wote vilevile, kumbukumbu za miaka kumi zimelala ndani ya mashine kuukuu iliyofunikwa kitambaa, na hakuna athubutuye kuizima.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mtu anaposema "intaneti yangu imebadilika", huenda anazungumzia jambo moja kati ya matatu. La kwanza ni njia inayomfikisha mtandaoni: waya, mnara wa simu, au setilaiti. La pili ni sanduku, yaani seva inayopokea na kuhifadhi barua zake. La tatu ni anwani yenyewe. Kwa mteja wa zamani yote matatu yalitoka duka moja, kwa hiyo hakuona haja ya kuyatenganisha. Siku hizi huweza kutoka kwa watu watatu tofauti, na tiba ya kila moja ni mbali.

Ikiwa kilichobadilika ni njia pekee, kwa mfano umetoka kwenye modemu ya simu ukaingia kwenye waya wa nuru, sanduku na anwani yako havijaguswa. Barua zitaendelea kuingia. Dalili ya kawaida ya matatizo ni kwamba unapokea lakini huwezi kutuma, na hapo wengi hudhani neno siri limeharibika. Kosa mara nyingi liko kwenye mlango. Seva ina milango yenye nambari, na kwa miaka mingi barua zinazotoka zilipitia mlango nambari 25. Walaghai wanaosambaza barua taka waliupenda sana mlango huo kwa sababu haukuuliza mtu jina, na hivyo kampuni nyingi za intaneti duniani zikaufunga kwa wateja wa kawaida. Mlango uliotengwa kwa ajili ya mteja anayetuma barua ni 587, uliowekwa katika kanuni za mtandao mwaka wa 1998, au 465, ambao kanuni za mwaka wa 2018 zinaupendelea kwa kuwa mazungumzo hufichwa tangu neno la kwanza. Yote miwili humtaka mtumaji ajitambulishe kwa jina na neno siri.

Aidha, kagua jina la seva ya kutuma. Zamani kampuni iliyokupa njia ndiyo iliyokutumia barua pia, hata kama sanduku lako lilikuwa kwingine, na jina la seva yake huenda bado limeandikwa katika mipangilio yako. Ukihama, seva hiyo haikutambui tena. Weka jina la seva ya yule anayelihifadhi sanduku lako.

Sanduku likihamishwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu huumia. Tumchukue katibu wa chama cha akiba na mikopo pale Tulia (jina ambalo kwa Kiswahili ni amri, na katika jambo hili ni ushauri mwema). Amepata taarifa kwamba seva za barua zitabadilishwa mwisho wa mwezi. Akiharakisha, atafungua mipangilio, atafuta akaunti ya zamani, na kuandika mpya. Huenda katika kufuta huko akazipoteza barua zote.

Kuna njia mbili za kusoma barua kwa programu. Ile ya kale, POP, huchota barua na kuileta kwenye tarakilishi. Ile nyingine, IMAP, huacha barua kwenye seva na kukuonyesha kivuli chake. Kwa mwenye POP, barua ziko nyumbani kwake; akifuta akaunti pamoja na faili zake, amezichoma mwenyewe. Kwa mwenye IMAP hatari ni kinyume: seva ya zamani ikizimwa au ikimwagwa, programu itajaribu kufanana nayo, na vivuli vinaweza kutoweka pamoja na kitu chenyewe. Kwa hivyo katibu wetu aanze kwa kujua anatumia ipi. Namba za milango humwambia: 110 na 995 ni za POP, 143 na 993 ni za IMAP.

Kisha atengeneze nakala kabla ya kugusa chochote. Katika Thunderbird, kwa mfano, barua za IMAP zinaweza kunakiliwa hadi kwenye mafolda yaliyo ndani ya tarakilishi, mbali na seva. Nakala hiyo iwekwe pia kwenye diski ya pembeni. Baada ya hapo aiongeze akaunti mpya kando ya ile ya zamani, zote mbili zikionekana kwa wakati mmoja, badala ya kuandika juu ya ile ya kwanza. Anachohitaji kutoka kwa kampuni ni jina la seva ya kupokea na mlango wake, jina la seva ya kutuma na mlango wake, aina ya usimbaji, na kama jina la mtumiaji ni anwani nzima au sehemu iliyo kabla ya @ tu. Hilo la mwisho huwapotezea watu alasiri nzima.

Ajitumie barua kutoka anwani nyingine, aijibu, na ajaribu tena kwa simu ya mkononi. Yote yakienda sawa, ndipo atakapoburuta barua za zamani hadi sanduku jipya, folda moja baada ya nyingine. Kwa muunganisho wa polepole afanye usiku, na asihamishe moja kwa moja bali anakili, ili umeme ukikatika katikati pasiwe na kitu kilichopotea njiani.

Kuna tatizo jingine la miaka ya karibuni. Mipangilio yaweza kuwa sahihi, neno siri likawa sahihi, na seva bado ikakataa. Mei 2022 Google ilianza kuzizuia programu zinazoingia katika akaunti za watu binafsi kwa jina na neno siri la kawaida pekee, na Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa masanduku ya Outlook.com mnamo Septemba 2024. Kwa Google, mwenye programu ya zamani anaweza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kisha kupewa neno siri maalumu la programu hiyo. Kwa Microsoft, hana budi kutumia programu ya kisasa. Tarakilishi ya Windows XP, ambayo msaada wake ulikoma Aprili 2014, haijui usimbaji unaotakiwa na seva nyingi za leo, mipangilio haitaiponya.

Anwani inapokufa

Kupoteza barua za zamani ni hasara, lakini kupoteza anwani kwaweza kuwa balaa kubwa zaidi. Mamlaka ya Ushuru hutuma ujumbe wa iTax kwa anwani uliyoisajili. Benki, eCitizen, na mitandao ya kijamii nayo hutuma huko kiungo cha kubadilisha neno siri lililosahauliwa. Anwani ikifa, funguo za nyumba nyingine zote zimezama nayo. Baya zaidi, jina la kikoa lisipolipiwa laweza kusajiliwa na mtu mwingine, naye akaanza kupokea viungo hivyo vilivyokusudiwa wewe. Basi kabla ya tarehe ya mwisho, ingia katika kila huduma muhimu ubadilishe anwani ukiwa bado unaweza kuipokea barua ya uthibitisho katika ile ya kale. Ukichelewa siku moja, utalazimika kwenda dirishani na kitambulisho.

Kwa shule, kanisa, au chama, dawa ya kudumu ni kumiliki jina lenyewe. KENIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, lina .co.ke kwa wafanyabiashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya kibiashara, .sc.ke kwa shule, na tangu 2017 mtu anaweza kusajili moja kwa moja chini ya .ke. Mwenye jina lake akihama, hubadilisha tu rekodi inayouelekeza ulimwengu kwenye seva ya barua zake, na wanaomwandikia hawatambui. Siku moja kabla, apunguze muda ambao rekodi hiyo hukumbukwa na seva nyingine. Muda wa saa 24 ni wa kawaida, na dakika 5 zitatosha. Asihofu sana ikiwa seva mpya itachelewa kidogo kuamka, kwa sababu kanuni za barua pepe huzitaka seva zinazotuma ziendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Asisahau pia kurekebisha rekodi zinazotaja ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekuwa kali kuhusu hilo, na barua isiyo na kitambulisho huishia kwenye taka au kurudishwa.

Matapeli hupenda nyakati hizi kuliko wakati mwingine wowote. Wakisikia kampuni inabadilisha mitambo, hutuma barua zenye nembo yake zikimtaka mteja "athibitishe" neno siri kwa kubonyeza kiungo. Kampuni halisi hukupa majina ya seva ukayaandike mwenyewe; haihitaji kuambiwa neno lako la siri. Ukiwa na shaka, piga nambari iliyo kwenye risiti yako ya zamani, si ile iliyo ndani ya barua.

Akaunti ya kale isifungwe siku ile ile. Iachie ujumbe wa kujijibu wenye anwani mpya, uelekeze barua zake huko ikiwa kampuni inaruhusu, na uichungulie kwa mwaka mzima, maana zipo huduma zinazokuandikia mara moja tu kwa mwaka.